Upanga Unaoshikwa kwa Mikono Miwili

Mchezaji wa Gothic akiokota upanga wake wa kwanza, shujaa wake huushika kwa mikono miwili, kama mtu anayepasua kuni, ingawa upanga wenyewe ni wa mkono mmoja. Anayumba anapoupiga, na adui humpata kabla hajajiweka sawa. Baadaye, akishapata mwalimu wa kumfundisha, mkono mmoja huachia mpini, mabega hushuka na miguu hupata mahali pa kukanyaga. Michezo mingi ya gharama kubwa huonyesha maendeleo kwa tarakimu zinazopanda kwenye skrini. Hapa ujuzi unaingia mwilini, na jicho linauona.

Gothic ilitolewa mwaka 2001 na Piranha Bytes, studio ndogo ya michezo ya kompyuta ya Ujerumani. Inamhusu mfungwa asiye na jina, aliyetupwa katika bonde lililofunikwa na kizuizi cha kichawi, ambako wafungwa wamewapindua walinzi wao na kugawanyika katika kambi tatu. Kasoro zake zinajulikana na mashabiki wake hawazifichi. Hata kuokota kitu chini kunadai vidole vibonyeze vitufe viwili kwa pamoja. Nyuso za watu zinajirudia. Sura ya kwanza imesheheni kazi na watu wa kuongea nao, lakini kadiri hadithi inavyosonga mazungumzo hupungua na mapigano huongezeka, hadi mtu ahisi waundaji walikuwa wakikimbizana na muda.

Mchezo wa namna hii una nafasi yake Sumbawanga, mji wa nyanda za juu za Ufipa, kusini-magharibi mwa Tanzania. Hauwafai wateja wa vibanda vya gemu, ambako mpira ndio unaotawala na mtu hulipia muda mfupi tu, kwa sababu dunia hii inataka usiku mwingi. Unamfaa mwenye kompyuta ya mtumba nyumbani, Juni au Julai, baridi ya Ufipa inapomfanya mtu asitamani kutoka nje. Hauhitaji mashine ya kisasa. Tena unamruhusu mchezaji kuhifadhi alipofika karibu wakati wowote, na hilo si jambo dogo katika mji ambao kwa miaka mingi umetegemea umeme kutoka Zambia na unajua maana ya kukatikiwa umeme.

Fundi mwenye fedha chache hulazimika kuchagua mahali pa kuweka jasho lake. Waundaji wa Gothic waliliweka kwenye ardhi. Ramani haipo mpaka uipate kwa mchoraji kambini. Wanyama wakali hawapunguziwi nguvu ili wamfae mgeni: msitu wa hatari ni wa hatari, na anayeuingia mapema hufia humo. Mtu aliyeshuka kwa miguu kutoka Milima ya Mbizi, kutoka uwanda wenye urefu wa mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari hadi joto la Bonde la Ziwa Rukwa, mita kama 1,000 chini yake, hashangai. Anajua kwamba njia hujifunzwa na magoti.

Waliliweka pia kwenye kazi za watu. Katika Kambi Mpya kuna mashamba ya mpunga, na mgeni akifika tu, mnyapara mmoja aitwaye Lefty humtuma awapelekee wakulima maji. Ni kazi ya dharau, lakini katika kuitimiza mchezaji huutambua utaratibu mzima wa kambi: nani analima, nani anakula, na nani anasimama na rungu katikati yao. Katika Kambi ya Zamani yupo mhunzi Huno. Ukinunua chuma ghafi kwake unaweza kukishika mwenyewe: kukipasha moto kwenye tanuri, kukigonga kwenye fuawe, kukizamisha kwenye ndoo ya maji, kisha kukinoa kwenye jiwe. Upanga unaotoka ni duni na hauna bei kubwa. Hata hivyo hakuna hatua iliyorukwa, na ndiyo sababu mtu huurudia.

Wafipa wana kila sababu ya kuielewa raha hiyo. Wahenga wao waliyeyusha chuma katika malungu, matanuri marefu ya udongo wa kichuguu yaliyojivutia hewa yenyewe kupitia matundu ya chini bila mivukuto. Chuma kilichotoka humo kilikuwa bado na takataka, kikahitaji kusafishwa upya katika tanuri dogo kabla ya kuwa jembe. Mwanaakiolojia Bertram Mapunda alizichunguza teknolojia hizo wilayani Nkasi na kuziandika katika tasnifu yake ya mwaka 1995.

Afrika nayo imeanza kuunda dunia za aina hii kwa mikono michache. Wesley Kirinya wa Nairobi alitoa The Adventures of Nyangi mwaka 2007. Kiro'o Games ya Yaoundé ilitoa Aurion mwaka 2016, baada ya kuchangisha fedha kwa umma kupitia intaneti; mazungumzo yake ni marefu kupita kiasi, lakini michoro na hadithi yake vina damu ya bara hili, na kasoro hiyo inavumilika.

Ufipa ina hadithi iliyo tayari. Simulizi zinasema wanawake watatu wageni walifika Milansi, kwenye ufalme wa wahunzi, mfalme akiwa mawindoni, wakakabidhiwa kigoda chake, na utawala ukahama. Timu ya vijana wachache ikitaka kuigeuza kuwa mchezo, haina haja ya kuanza na majoka wala majumba ya dhahabu. Ianze na ilungu moja: mchezaji atafute kichuguu kinachofaa, achome mkaa, abebe mawe ya chuma, asubiri moto ufanye kazi yake, na akute bonge la kwanza la chuma limejaa takataka.