Filamu za vita zinajua mlio wa bunduki, hazijui lugha ya askari

Mwezi uliopita nilikuwa nyumbani Kyuso. Jioni moja nilimfuata mpwa wangu hadi kwenye kibanda cha video pale sokoni. Vijana walikuwa wamebanana kwenye mabenchi, wengine wamesimama mlangoni. Iliyokuwa ikionyeshwa ni Black Hawk Down, filamu ya Ridley Scott ya mwaka 2001 kuhusu mapigano ya Mogadishu ya Oktoba 1993. Sauti za waigizaji zilikuwa zimefifizwa, na juu yake msimulizi alikuwa akiporomosha Kiswahili cha mtaani, kwa ule mtindo uliovumishwa na DJ Afro. Risasi zilivuma, vijana wakacheka.

“Umeona, Mjomba?” mpwa wangu aliniuliza tulipotoka. “Hiyo ndiyo vita yenyewe. Makurutu wa KDF wakianza kusajiliwa, mimi nitakuwa wa kwanza kwenye laini.”

Sikumjibu usiku ule. Mawazo yalikuwa yamenirudisha miaka ya sabini, nilipokuwa mwanafunzi na gari la sinema likafika kwetu. Shuka jeupe lilitundikwa, na kijiji kizima kikaketi chini kutazama wazungu wakipigana msituni. Kando yangu aliketi mzee jirani yetu aliyekuwa askari wa Keya, yaani King's African Rifles, na aliyepigana Burma. Kabla filamu haijafika nusu, mzee aliinuka akajikung'uta vumbi. Nilimuuliza, “Babu, mbona unaondoka?” Akanijibu kwa kile Kiswahili chake cha kambini:

“Hii hapana vita. Wapi matope? Wapi mvua? Hawa watu hapana ngoja kitu, hapana choka!”

Nimefundisha fasihi kwa miaka mingi, na sijakutana na uhakiki mfupi unaoupita ule.

Tukizungumzia uhalisia katika filamu za vita, aghalabu tunapima vitu vinavyoonekana na kusikika. Je, bunduki ni ya wakati ule? Damu inatoka inavyopaswa kutoka? Kwa kipimo hicho filamu zimepiga hatua kubwa. Saving Private Ryan ya Steven Spielberg, iliyotoka mwaka 1998, inafungua kwa zaidi ya dakika 20 za mashambulizi ya ufuo wa Omaha, na baadhi ya Wamarekani waliopigana huko walikiri kwamba filamu hiyo iliwarudisha mle mle. Sina ugomvi na sifa hizo. Ugomvi wangu unaanzia pale mzee alipoishia: kungoja, kuchoka, na mvua.

Chukua Burma. Mwaka 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilisonga katika Bonde la Kabaw wakati wa masika, matope yakiwafika askari magotini, malaria ikiwaangusha, chakula chao kikidondoshwa kwa ndege. Disemba mwaka huo walikuwa wameufikia Mto Chindwin pale Kalewa. Katika jeshi la Keya, Wakamba walikuwa miongoni mwa jamii zilizotoa askari wengi zaidi kutoka Kenya. Wengine hawakufika hata Burma. Tarehe 12 Februari 1944, meli ya Khedive Ismail iliyotoka Mombasa kuelekea Colombo ilipigwa kombora na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldives. Ilizama kwa muda usiozidi dakika chache, ikaondoka na watu karibu 1,300, wakiwemo wapiga mizinga wengi wa Afrika Mashariki. Manowari za Uingereza, katika kuiwinda nyambizi ile, ziliangusha mabomu ya majini mahali palipokuwa na manusura wakielea.

Sasa tazama sinema ilivyofanya. Mwaka 1945 Hollywood ilitoa Objective, Burma!, Errol Flynn akiwa shujaa na msitu wenyewe ukiwa California. Waingereza walikasirika sana kuona Wamarekani wamepewa vita ambavyo sehemu kubwa ilikuwa ya jeshi la Uingereza, hata filamu ikaondolewa London baada ya muda mfupi. Walikuwa na haki ya kulalamika. Lakini katika zogo lile la nani kamwibia nani vita, Mwafrika wa Bonde la Kabaw hakuwa hata mlalamikaji. Aliachwa nje ya filamu, akaachwa nje ya ugomvi pia.

Black Hawk Down ina kasoro ya ukoo huo huo. Ilipigwa picha Morocco, na Wasomali walilalamika kwamba hawakupewa nafasi za kuigiza katika kisa chao wenyewe. Wamarekani 18 waliuawa katika mapigano yale, na kila mmoja wa wanaotajwa ana jina, ana mzaha wake, ana mama anayemfikiria. Wasomali waliokufa wanakadiriwa kwa mamia. Katika filamu, wengi wao ni umati unaokimbia na kufyatua risasi. Askari wa Malaysia na Pakistan waliokuja na magari ya deraya kuwaokoa Wamarekani wanapita kama kivuli. Helikopta ni ya kweli kabisa. Watu ndio nusu.

Hapa ndipo somo la safu hii linapoingia. Askari hutambulika kwa lugha yake kabla ya bunduki yake. Yule mzee alizungumza Kikeya, Kiswahili kilichokatwakatwa kambini ili Mkamba, Mnandi, Mnyasa na ofisa wa Kiingereza waelewane. Ngeli ziliporomoka, na “hapana” ikabeba kazi yote ya ukanushi. Sisi wanaisimu tulikicheka. Hata hivyo, katika lahaja hiyo kuna historia ambayo hakuna kamera iliyoinasa: “afande” ni neno la Kituruki lililoingia kwetu na askari wa Kisudani, na “singe” limetoka Bara Hindi. Mtu aliyeagizwa, akatukanwa, akafarijiwa na kuuguzwa kwa lugha hiyo, ukimwigiza akizungumza Kiingereza safi au akiwa bubu nyuma ya mzungu, umeshadanganya kabla risasi ya kwanza haijalia.

Kuna aliyelielewa jambo hili. Mwaka 1988, Ousmane Sembène wa Senegal na mwenzake Thierno Faty Sow walitoa Camp de Thiaroye, kuhusu askari Waafrika wa jeshi la Ufaransa waliorudi kutoka vitani, wakadai malipo yao, wakauawa kwa risasi za Wafaransa hao hao tarehe 1 Disemba 1944. Filamu ile ina mapigano machache mno. Sehemu kubwa ni kungoja: kungoja pesa, kungoja nguo, kungoja chakula cha maana. Na askari wake wanazungumza Kifaransa kilichovunjika cha kambini, bila aibu. Pale mzee wetu asingeinuka, naamini hivyo.

Je, msimulizi wa kibandani ana lawama? Kidogo tu. Yeye angalau amewapa vijana wa Kyuso vita kwa lugha wanayoielewa. Ila kila anayekufa kwake ni kichekesho, na mwenye bunduki kubwa ndiye mwenye haki. Kijana akilishwa hayo tangu utotoni, ataijua sura ya kishindo na hataijua sura ya lindo la saa nane za usiku. Nchi hii ina familia zilizofiwa El Adde tarehe 15 Januari 2016. Waulize kama walicheka.

Asubuhi nilimwita mpwa wangu tukanywa chai. Sikumkataza jeshi, maana ni kazi ya heshima na kwetu ajira ni haba kama mvua. Nilimwambia tu amtafute afande mstaafu yeyote pale sokoni, amnunulie chai, amuulize siku ndefu kuliko zote kazini ilikuwa ipi. Asimkatize, asimsahihishe Kiswahili. Na kama simu yake ina chaji, arekodi.

Mimi sikumrekodi yule mzee. Nilikuwa kijana wa shule, na nilidhani anaharibu lugha.