Nyanja Isiyo na Maji: Uhakiki wa Matumizi ya Kongoo katika Ufundishaji wa Kiswahili Chuo Kikuu

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna kongoo ya Kiswahili, yaani hazina kubwa ya matini iliyohifadhiwa katika kompyuta, inavyoweza kutumika kufundishia lugha na fasihi chuo kikuu. Kwa kuchunguza neno *nyanja* kutoka upande wa Ngumbo, mwambao wa Ziwa Nyasa, makala yanadai kwamba kompyuta humfaidi mwanafunzi pale anapofundishwa kuuhoji ukimya wake, na humdhuru pale anapouchukua ukimya huo kuwa hukumu.

1.0 Utangulizi

Kwa muda mrefu, mjadala kuhusu kompyuta katika vyuo vikuu vya Tanzania umekuwa mjadala wa upatikanaji wa vifaa, umeme na mtandao. Mjadala huo ulikuwa na msingi. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009 tu. Sambamba na hilo palikuwa na suala la lugha ya programu zenyewe, lililojibiwa kwa sehemu mwaka 2004 kwa kutolewa kwa Jambo OpenOffice, programu ya kiofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili kwa ushiriki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Masuala hayo mawili yanahusu kuifikia mashine. Linalobaki ni suala la kihakiki: mwanafunzi akishaifikia, inamfundisha nini kuhusu lugha yake?

2.0 Manufaa ya Kongoo

Kongoo ya Kiswahili ya Helsinki, iliyotokana na kazi ya Arvi Hurskainen, ni mfano mzuri. Toleo lake la pili lina takribani maneno milioni 25 yaliyochukuliwa hasa katika magazeti, vitabu na taarifa za Bunge. Kila neno limeambatishwa umbo lake la msingi na aina yake. Mwanafunzi akitafuta neno moja huletewa mistari mingi yenye neno hilo katikati, na hivyo huona linavyoandamana na mengine.

Faida yake darasani ni kubwa. Mhadhiri halazimiki kubuni sentensi za mfano, na mwanafunzi aliyezoea kunakili anapata ushahidi wa kumpinga mhadhiri. Maelezo ya sarufi yaliyopokewa kama amri yanaweza kupimwa upya mbele ya darasa zima. Anayeibeza kongoo kwa sababu tu ni zao la mashine hajaona inavyogawa upya mamlaka ya kusema.

3.0 Nyanja ya Vitabuni na Nyanja ya Ngumbo

Hata hivyo, mamlaka hayo hayagawiwi sawasawa. Chukua mwanafunzi atokaye Ngumbo, kata iliyokuwa ndani ya Wilaya ya Mbinga kabla ya Wilaya ya Nyasa kuanzishwa mwaka 2012. Mwambao huo una Kinyanja, Kimpoto na Kimanda, na juu yake, milimani, kuna Kimatengo. Kwake *nyanja* na *nyasa* ni maji mapana yaonekanayo kutoka uani, kiasi kwamba jina Ziwa Nyasa, likichambuliwa, linasema "ziwa" mara mbili. Katika magazeti na taarifa za Bunge neno *nyanja* huandamana zaidi na uchumi, elimu, siasa na utamaduni. Kongoo iliyojengwa juu ya matini za namna hiyo haiwezi kutarajiwa kutoa picha nyingine: nyanja inageuka uwanja wa shughuli, na maji yanakauka.

Hapo hakuna kosa la hesabu. Kosa huanza mhadhiri anapoifanya idadi kuwa maana, akasema kwamba matumizi yenye mistari mingi ndiyo Kiswahili, na yenye michache ni masalia au lahaja. Ndivyo inavyokuwa pia kwa kikagua tahajia kinachochora mstari mwekundu chini ya *mbasa* au *usipa*, samaki wanaoliwa kila siku katika mwambao huo. Mwanafunzi anafuta neno, na pamoja nalo anafuta alichokijua kabla hajafika chuoni.

4.0 Funzo kutoka Ziwa Jingine

Fasihi ya Kiswahili inalo jibu. Aniceti Kitereza alimaliza kuiandika riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, kisha akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Ilichapishwa mwaka 1980. Ni riwaya ya kisiwa cha Ziwa Viktoria, na thamani yake kwa msomaji imo katika ujuzi wa mahali pamoja uliotiwa ndani ya lugha ya wengi. Kipimo cha wingi wa maneno peke yake kingeona uchache pale ambapo mhakiki anaona kiini. Kwa hiyo msomaji wa fasihi anahitaji kongoo imwonyeshe neno adimu liko wapi, kisha yeye aeleze kwa nini mwandishi hakuliacha.

5.0 Hitimisho

Ufundishaji unaofaa ungempa mwanafunzi kazi mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni kuisoma kongoo kama matini yenye waandishi, wachapishaji na mipaka, na kuandika ni sauti zipi hazimo. Ya pili ni kuiongezea. Programu ya ELAN, itolewayo bure na Taasisi ya Max Planck ya Nijmegen, huunganisha sauti au video na maandishi yake sekunde kwa sekunde, tena bila kuhitaji mtandao wakati wa kazi. Ngoma ya mganda ikirekodiwa mwambaoni inaweza kuwekewa safu ya maneno yalivyoimbwa, safu ya Kiswahili sanifu na safu ya maelezo ya wenyeji, bila safu moja kuifuta nyingine. Jina la mwimbaji liandikwe kwa idhini yake, na nakala irudishwe kijijini. Kazi hiyo itahiniwe kwa uzito uleule wa insha. La sivyo, mwanafunzi ataendelea kupata alama kwa kuliondoa ziwa katika neno *nyanja*.