Kinyago Hakimtishi Mchongaji: Usawiri wa Manowari na Mila za Wenyeji wa Ziwa Tanganyika katika Filamu ya The African Queen

1.0 Utangulizi

Filamu ya The African Queen, iliyoongozwa na John Huston na kutolewa mwaka 1951, imezoeleka kuhakikiwa kama kisa cha mapenzi kati ya Rose Sayer na Charlie Allnut. Uhakiki huu unaitazama kwa upande mwingine, yaani namna tamthiliya za kivita zinavyochota vyombo halisi vya majini na mila za watu halisi, kisha zikavipa vyombo historia na kuwanyima watu hao sauti. Hoja inayojengwa ni kwamba wenyeji wa Ziwa Tanganyika hawakuwa watazamaji bubu wa vita vya mwaka 1915 na 1916, wala waumini wa maofisa wake. Walikuwa wafasiri wa vita hivyo, na ushahidi wa ufasiri wao umo ndani ya masimulizi yaleyale yanayowanyamazisha. Uchambuzi unaongozwa na Nadharia ya Baada ya Ukoloni, hususani swali lake kuhusu nani husema na nani husemewa katika matini.

2.0 Manowari kati ya Historia na Ubunilizi

Chanzo cha filamu ni riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935, na nyuma ya riwaya ipo meli ya Kijerumani Graf von Götzen. Meli hiyo iliundwa Papenburg, ikafunguliwa vipandevipande, ikafungwa katika masanduku yapatayo 5,000 na kusafirishwa hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi Kigoma. Huko iliunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Waingereza nao walizileta boti mbili, Mimi na Toutou, kutoka Cape Town kwa reli, barabara na mito. Boti hizo ziliiteka meli ya Kingani Desemba 1915, na Februari 1916 zikaizamisha Hedwig von Wissmann.

Hatima ya Götzen ndiyo inayopambanua matini hizi. Katika riwaya, meli ya Kijerumani inazamishwa na boti za Waingereza. Katika filamu inazamishwa na mabaki ya African Queen yenyewe, ili wahusika wakuu wapate ushindi wao. Kihistoria, meli hiyo ilizamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916, baada ya mafundi kuipaka mitambo grisi ili isiharibike. Iliibuliwa mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba, ambalo ni jina la kienyeji la ziwa hilo lililorekodiwa pia na Livingstone. Kwa hiyo, msuko wa filamu unaishia kwenye mlipuko, ilhali historia inaishia kwenye chombo cha abiria na mizigo chenye jina la wenyeji. Mtazamaji anayeijua Liemba huona kwamba filamu imekomea pale ambapo wenyeji walianza kuitumia meli hiyo.

3.0 Wenyeji ndani ya Filamu

Onesho la kwanza la ibada lina utajiri mkubwa kuliko linavyokiriwa. Mmishenari anaongoza wimbo, waumini wanaufuata kwa sauti zisizolingana na kinanda, na kejeli inamwangukia mmishenari zaidi kuliko waumini. Hapo ipo nafasi ya kuuliza watu hao wanaisikiaje ibada hiyo. Nafasi hiyo inafungwa haraka: askari wanakichoma kijiji, watu wanaswagwa, na kuanzia hapo mto na wanyama wana uhai mwingi kuliko wakazi. Maelfu ya Waafrika waliobeba mizigo na silaha za pande zote mbili katika vita hivyo hawamo. Kasoro hii haitokani na ufupi wa filamu tu. Inatokana na uteuzi wa mtazamo.

4.0 Jina la Utani na Sanamu ya Udongo

Masimulizi ya Waingereza kuhusu kamanda wa boti hizo, Geoffrey Spicer-Simson, yanaeleza kwamba Waholoholo walimwita Bwana Chifunga-tumbo kwa sababu ya sketi aliyoivaa, na kwamba walifinyanga sanamu zake za udongo. Masimulizi hayo yanalisoma tukio hili kama ibada. Usomaji huo unatiliwa shaka na jina lenyewe. Mtu anayeabudiwa hatajwi kwa nguo aliyojifunga tumboni. Umbo la jina ni la utani, na utani katika jamii nyingi za eneo hili ni njia halali ya kumpima mkubwa bila kumpiga.

Sanamu nayo inahitaji kusomwa ndani ya mila ya uchongaji na ufinyanzi. Mfano ulio karibu na mtafiti wa Dar es Salaam ni kijiji cha wachongaji cha Mwenge, ambako kazi za Kimakonde huchongwa na kuuzwa. Sanaa ya Wamakonde imewahi kuwachonga wakoloni, mara nyingine kwa kuwakejeli, na hakuna anayedai kwamba mchongaji anakiabudu kila anachokichonga. Wamakonde si Waholoholo, na mfano huu hauthibitishi nia ya waliofinyanga udongo ule. Unachothibitisha ni kwamba kumtengenezea mgeni umbo si lazima kuwe kumsujudia. Methali ya Kiswahili inalisema jambo hili kwa ukamilifu: kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi.

5.0 Ulinganisho na Wanavajo

Tatizo hili haliihusu Afrika Mashariki pekee. Mwaka 1942 kikosi cha Marine Corps cha Marekani kiliwaandikisha Wanavajo 29 waliounda msimbo wa siri kwa lugha yao. Humo manowari kubwa iliitwa nyangumi, na nyambizi ikaitwa samaki wa chuma. Hata hivyo, filamu ya Windtalkers ya mwaka 2002 inamweka mlinzi wao Mzungu katikati ya kisa. Tofauti ni kwamba mchango wa Wanavajo ulitambuliwa rasmi, japo baada ya miongo mingi, kwa kuwa lugha yao ilikuwa silaha. Waholoholo walizipa jina sketi na mamlaka iliyoivaa, na tendo hilo la lugha likaandikwa kama ushirikina.

6.0 Hitimisho

Uhakiki umeonesha kwamba The African Queen inaazima meli, ziwa na watu, lakini inairudishia meli peke yake umaarufu. Umeonesha pia kwamba kuilaumu filamu pekee hakutoshi, kwa kuwa kumbukumbu za kihistoria zenye maelezo mengi zaidi zimefanya kosa kubwa zaidi la kufasiri utani kuwa ibada. Watafiti wa fasihi simulizi mkoani Kigoma wana kazi ya kukusanya majina ya utani, nyimbo na masimulizi yanayohusu meli za vita hivyo. Bila kazi hiyo, mwenye kinyago ataendelea kuhesabiwa miongoni mwa waliotishwa nacho.