Waashi wa Mawe ya Kuvika Kuta

Waashi wanaovika kuta za nje vipande vyembamba vya mawe wanastahili sifa zaidi ya wanazopewa. Nchini Kenya mojawapo ya mawe yanayopendwa ni la Mazeras, jiwe la mchanga kutoka pwani, linalopasuka kwa tabaka. Likifika Lugulu, katika Kaunti ya Bungoma, limevuka karibu nchi nzima. Fundi hodari huuparuza ukuta, huulowesha, hupaka mchanganyiko wa saruji mgongoni mwa jiwe, kisha huligonga polepole hadi likae. Mvua za Bungoma hazina mchezo: maji yakipenya nyuma, jiwe hubanduka, hivyo viungo hujazwa kwa makini. Sehemu ya ukuta inayofaidika zaidi ni ya chini, ambako matone hurusha matope na kuharibu rangi upesi.