Kufungwa au Kufungamana? Tahakiki ya Istilahi Moja ya Fizikia

Istilahi "viini vyenye kaoni zilizofungwa", ambayo mimi mwenyewe niliwahi kuitumia darasani pasipo kusita, yafuata Kiingereza neno kwa neno. Kasoro yake imo katika mnyambuliko. Kauli ya kutendwa huifanya kaoni kuwa mfungwa na kiini kuwa gereza.

Maumbile hayasemi hivyo. Kaoni ni chembe iliyogunduliwa Manchester mwaka 1947, nayo ina uzito wa takriban nusu ya protoni. Tuchukue mfumo wa kaoni hasi moja na protoni mbili, uliotabiriwa na Yamazaki na Akaishi mwaka 2002. Protoni mbili peke yake haziwezi kuunda kiini. Ijapo kaoni kati yao, huzivuta zote mbili kwa kani kali ya viini, na zote tatu zikawa kitu kimoja. Watafiti wa J-PARC, Japani, walioelekeza mkondo wa kaoni kwenye heli-3, walikadiria mwaka 2020 kwamba nishati ya mshikamano huo ni kama megaelektrovolti 42. Ile ya deuteroni, yaani protoni na nyutroni, ni 2.2 tu. Basi ni nani hapa aliyemfunga mwenziwe? Mfungwa wetu ndiye kamba!

Kiswahili kina kauli ya kutendana, nayo yatosha: "viini vya kaoni zilizofungamana na protoni". Msomaji aliyezoea "nchi zisizofungamana na upande wowote" hatatatizwa na neno hilo. Tena kauli ya kutendwa ina mahali pake. Katika atomi ya kaoni, chembe hiyo hushika nafasi ya elektroni na kukizunguka kiini, ikiwa imevutwa na umeme wake; hiyo kweli imenaswa. Tukitumia "kufungwa" kwa hali zote mbili, mwanafunzi hatajua kwamba kani mbili tofauti zinazungumziwa.

Yamkini mtu atapinga kwamba kufungamana huashiria kudumu, ilhali mfumo huu huvunjika, mara nyingine ukawa lambda na protoni, kabla hata mwanga haujapita upana wa atomi. Pingamizi hilo lina uzito, lakini lakiangukia "kufungwa" vilevile, kwani mwanafizikia hupima kifungo kwa nishati, si kwa muda.