Lenzi ya f/2.8 Si Jibu la Kila Picha: Hesabu Kutoka Delta ya Rufiji

Ukisoma wachambuzi wa lenzi ndefu, wimbo ni uleule: nunua ya f/2.8, hizo za f/6.3 ni za giza. Nami niliamini. Nikaazima 70–200 ya f/2.8, nikapanda boti kuingia kwenye mikoko ya delta ya Rufiji, nikarudi na picha za ndege ambao sikuweza hata kuwataja jina. Siku nzima ya kazi ikapotea. Kwa hiyo leo nabisha.

Tuwape haki yao kwanza. Namba ya f hupatikana kwa kugawanya urefu wa fokasi kwa upana wa tundu la lenzi. Ukitoka f/5.6 kwenda f/2.8, kila sehemu ya kihisi cha kamera inapata mwanga mara nne zaidi. Uliyekuwa unapiga kwa 1/500 ya sekunde sasa unapiga kwa 1/2000, na bawa la mdiria linaganda. Hapo sina ugomvi.

Kosa lao ni kudhani f inakwambia umepata mwanga kiasi gani kutoka kwa ndege mwenyewe. Kwa ndege aliye mbali, kinachoamua ni upana wa tundu. Hebu tupige hesabu. Milimita 200 gawanya kwa 2.8: tundu la milimita 71 hivi. Sasa chukua 150–600, ile inayodharauliwa, ikiwa kwenye 600 na f/6.3: milimita 95. Eneo la tundu hilo ni karibu mara 1.8 ya lile la kwanza! Yaani kwazi akiwa juu ya mchu ng'ambo ya mkondo, kwa kasi ileile ya shata, lenzi "ya giza" inakusanya mwanga mwingi zaidi kutoka kwake. Ile ya f/2.8 inakupa kidoa kidogo kinachong'aa. Ukikikuza nyumbani, unabaki na chengachenga.

Sasa hamia uwanja wa mpira pale Kibiti, jioni. Umekaa pembeni ya mstari, winga anakuja upande wako na anajaza fremu kwenye milimita 200. Huna cha kukuza, na huku kwetu jua likishazama giza halichelewi. Hapo f/2.8 inalipa.

Utaniuliza, si ninunue tu 400 ya f/2.8? Tundu lake ni milimita 143, hiyo inashinda zote. Ila ya Canon iliyotoka 2018 ina kilo 2.8 hivi, na bei yake ni ya gari. Halafu kwenye boti tripodi inabeba mtikisiko wote wa injini, kwa hiyo utaishika mkononi. Na saa saba mchana, hewa ya moto ikicheza juu ya tope, hakuna lenzi ya bei yoyote itakayokuokoa. Wahi asubuhi.

Kwa hiyo kabla hujajibana miezi kadhaa ukitafuta hela ya lenzi, jiulize: ninayempiga yuko umbali gani, na nitalazimika kumkuza? Kama ndiyo, gawanya kwanza, ndipo ununue. Na usitumie boti kufidia lenzi fupi: ndege waliopumzika ukiwarusha, wanachoma nguvu walizokuja kuzitafuta kwenye lile tope.