Mkizi kwenye Leso

Biashara Street ya Mombasa, mteja wa leso hafungi bei kabla ya kuuliza jina. Doti hufunuliwa juu ya meza, rangi zikatazamwa, pindo likakaguliwa, mji ukapimwa kwa macho, kisha swali likaja: jina lake nini? Desturi hii ni ya zamani. Kaderdina Hajee Essak, ambao leso zao hujulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla", wamo katika biashara tangu 1887, na ndio wanaosifiwa kwa kueneza majina haya mwanzoni mwa karne ya 20, yalipokuwa bado yakiandikwa kwa herufi za Kiarabu.

Jina ninalotaka kulisoma hapa ni hili: HASIRA ZA MKIZI FURAHA YA MVUVI. Kila mtu wa pwani anaijua hadithi yake. Mkizi akibanwa huruka juu ya maji, na kuna siku kwa ghadhabu zake hujitupa mwenyewe ndani ya mtumbwi. Lakini hadithi peke yake haitoshi kueleza kwa nini maneno haya yamedumu. Visa vya samaki wajinga tunavyo vingi, na vingi havikupata kuvaliwa.

Hesabu mizani. "Hasira za mkizi" ni saba. "Furaha ya mvuvi" ni saba. Ile "m" ya mkizi na ile ya mvuvi kila moja husimama kama mizani kamili, kama arudhi yetu inavyotaka, kwa hiyo samaki na mtu wameingia katika mstari kwa mlango mmoja. Kila upande una jina la hali ya moyo, kihusishi, na mwenye hali hiyo. Kitenzi hakuna. Katika kisa chenye kuruka, kuanguka na kunasa, hakuna anayeruka, anayeanguka wala anayenasa. Hakuna wavu, hakuna mshipi, hakuna chambo. Mvuvi hajafanya lolote, na sarufi ya mstari inashuhudia kwamba hajafanya lolote.

Sasa zisikilize konsonanti. Upande wa kwanza una s, kisha z, kisha z tena: ha-si-ra za m-ki-zi. Upande wa pili una f, kisha v, kisha v tena: fu-ra-ha ya m-vu-vi. Mpangilio ni ule ule, sauti moja isiyo na mghuno ikifuatwa na mbili zenye mghuno, ila mahali pa kutamkia pamehama. Hasira inafoka ndani, ulimi ukiwa kwenye ufizi. Furaha imetoka hadi midomoni. Ndiyo maana nawapinga wanaosema "hasira ya mkizi". Wanapoteza z moja, na kwa z hiyo mstari mzima unalegea. Wanaotia "ni" katikati wanaharibu zaidi, maana "ni" hueleza, na methali hii haitaki kueleza. Inaweka vitu viwili kando kwa kando, basi.

Kitabuni utaikuta na mkato baada ya mkizi. Kwenye leso mkato haupo. Herufi ni kubwa zote, mstari mmoja, ndani ya kisanduku juu ya pindo la chini. Pumziko la katikati ameachiwa msomaji, na msomaji huyo si mvaaji. Leso ikifungwa kiunoni jina hukaa nyuma. Ya pili ikitupwa mabegani, jina lile lile huangukia mgongoni. Mwenye leso amekwisha kupita. Anayesoma ni aliye nyuma yake.

Hapo ndipo umbo linapokamilika. Majina mengine ya leso hutaja jirani, hutaja "wewe", huchokoza waziwazi. Hili halimtaji mtu. Hakuna nafsi ya pili, hakuna amri, hakuna swali. Mwanamke anayelisoma njiani akinyamaza, halimhusu. Akikasirika, amejitangaza mwenyewe kuwa ndiye mkizi, na furaha ya mwenzake imetimia bila neno jingine kusemwa.

Baharini kwenyewe upo uvuvi unaokaribia huu wa leso. Kwenye mafungu ya mchanga ya St François, jirani na kisiwa cha Alphonse huko Shelisheli, wageni huvua kolekole katika maji ya magotini kwa nzi bandia: manyoya na uzi vilivyofungwa kwenye ndoana, bila chambo cha kuliwa. Mwongozaji humwona samaki kabla ya mgeni, humwonyesha upande na umbali. Mgeni huutupa mshipi, kisha huuvuta kwa mkono, vipande vipande, ili kile kinyoya kionekane kinakimbia. Kolekole huja kwa kasi ya kutisha juu ya kitu kisichokuwa na nyama. Kinachomnasa ni tabia yake mwenyewe. Lakini hata uvuvi huo, pamoja na werevu wake wote, una jasho zaidi ya leso. Yule mgeni bado anavuta mshipi. Mvuvi wa Biashara Street amejipa kazi moja tu, kuchagua jina.

Kuna wasemao "tijara ya mvuvi", na nakiri wana hoja. Tijara inafunga kina na hasira, -ra kwa -ra, na mizani haibadiliki. Kwa mtaa ulioitwa Biashara, neno hilo liko kwao. Hata hivyo tijara inaua f, na ikifa f zile v mbili za mvuvi zinabaki bila mwenzao. Tena inamtia mvuvi hesabu kichwani mapema mno. Mwenye tijara alikwenda baharini akiijua bei ya samaki sokoni. Mwenye furaha ni mtu aliyeletewa asichokitega, na mshangao huo ndio unaomuudhi asomaye. Kwa sababu hiyo, doti mbili zikiwekwa mbele yangu, rangi moja, pindo moja, nitachukua yenye furaha.